Mbwa anapohema sana baada ya mazoezi: jinsi ya kujua kama ni kawaida au ni hatari

Mbwa akimaliza kukimbia, ulimi nje, mbavu zikienda mbio, mwenye mbwa hujiuliza kama amemchosha kupita kiasi. Wengi hutafuta jibu kwenye ukali wa kuhema kwenyewe, na hapo ndipo wanapopotea. Mbwa mwenye afya aliyetoka kukimbia anaweza kuhema zaidi ya mara 300 kwa dakika na asiwe na tatizo lolote. Mwingine anahema polepole kuliko huyo, kumbe yuko karibu kuanguka. Kinachosema kweli ni muda ambao kuhema kunachukua hadi kupungua, pamoja na namna mwili mzima unavyoonekana wakati huo. Hatua zilizo hapa chini zinahusu kusoma mambo hayo mawili, kisha kujua la kufanya.

Kama unasoma haya huku mbwa wako anayumba, anatapika au hakutambui vizuri, ruka moja kwa moja hadi hatua ya 5.

Hatua ya 1: Elewa kwa nini anahema

Binadamu akishikwa na joto hutoka jasho mwili mzima. Mbwa ana tezi za jasho chache tu za maana, nazo ziko kwenye nyayo, hivyo jasho haliwezi kumpoza. Yeye hupoa kwa kukausha unyevu ulio kwenye ulimi, mdomoni na hasa ndani ya pua. Puani mwake mna mifupa myembamba iliyojikunjakunja, imefunikwa na utando wenye mishipa mingi ya damu. Hewa inayopita hapo huondoka na mvuke, na mvuke huondoka na joto. Ulimi ndio tunaouona, lakini kazi kubwa inafanyika ndani ya pua tusikokuona. Ukilielewa hilo utaelewa pia kwa nini mbwa wa pua bapa hutaabika kuliko wengine.

Kuhema kwa kupoa ni pumzi fupifupi za juujuu. Sehemu kubwa ya hewa hiyo huishia kwenye njia za juu bila kufika kwenye vifuko vya ndani vya mapafu, ndiyo sababu mbwa anaweza kuhema kwa muda mrefu bila uwiano wa hewa zilizo kwenye damu yake kuvurugika. Kasi yake nayo haikuja kwa bahati. Kifua cha mbwa kina mwendo wake wa asili wa kutikisika, na mbwa huhema kwa mwendo huohuo, kama anayesukuma bembea kila inapomrudia. Kwa hiyo misuli haitumii nguvu nyingi, wala kazi ya kuhema haiongezi joto kubwa juu ya lile analojaribu kuliondoa. Ndiyo maana pia mbwa huonekana kuruka ghafla kutoka kupumua kwa kawaida hadi kuhema kwa kasi, bila hatua ya katikati.

Mtambo huu una udhaifu mmoja: unahitaji hewa kavu kiasi. Hewa ikiwa imejaa unyevu, mate hayakauki, na mbwa anaweza kuhema hadi achoke bila kupoa. Siku ya mawingu yenye joto la wastani na unyevu mwingi inaweza kuwa mbaya kuliko siku ya jua kali lenye upepo mkavu. Watu huogopa jua na kusahau unyevu.

Hatua ya 2: Hesabu pumzi zake akiwa amelala

Bila namba ya kulinganishia utakuwa unakisia. Subiri mbwa alale fofofo mahali pasipo joto, saa kadhaa baada ya kucheza. Tazama ubavu: ukipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Hesabu kwa sekunde 30 kisha zidisha kwa 2. Akianza kurusha miguu na kunung'unika usingizini anaota, na pumzi za ndotoni hazina mpangilio, ngoja zipite. Rudia siku nyingine, uandike.

Mbwa mzima mwenye afya, akiwa usingizini, huwa chini ya pumzi 30 kwa dakika, na wengi wako chini sana ya hapo. Namba ikivuka 30 na kubaki huko siku baada ya siku, suala si mazoezi tena. Hiyo ni moja ya dalili za mapema za moyo kushindwa kazi: majimaji yanapoanza kujaa kwenye mapafu, mbwa hulazimika kupumua haraka hata amelala. Madaktari wa mifugo huwaagiza wenye mbwa wagonjwa wa moyo wahesabu hivi nyumbani. Kama mbwa wako ni mzee, usisubiri kuagizwa.

Ukiwa hapohapo, akiamka, inua mdomo wake utazame ufizi. Bonyeza kwa kidole hadi pawe peupe, kisha achia. Rangi inapaswa kurudi ndani ya sekunde 2. Mbwa wengine wana ufizi mweusi kwa asili. Kwa hao vuta kidogo kope la chini la jicho utazame ngozi ya ndani. Lengo ni kuijua rangi yake ya kila siku kabla hujahitaji kuijua kwa dharura.

Hatua ya 3: Akisimama, tazama saa

Hii ndiyo hatua ninayoipa uzito kuliko zote, na ndiyo inayorukwa na wengi kwa sababu haihitaji kifaa chochote. Mchezo ukiisha, mpeleke kivulini, mwekee maji, uangalie saa.

Joto la mwili halianzi kushuka pale anaposimama. Misuli iliyokuwa ikifanya kazi bado inamwaga joto lake kwenye damu, na joto la ndani linaweza kuendelea kupanda kwa dakika chache baada ya mbio kwisha. Kwa hiyo usishtuke akihema zaidi dakika ya pili kuliko alipokuwa anakimbia. Shtuka kama hali ni ileile dakika ya kumi.

Katika hali ya hewa ya wastani, baada ya mazoezi aliyoyazoea, mbwa mwenye mwili imara huanza kutulia ndani ya dakika chache, na kufikia dakika ya 10 hivi anahema kwa vipande: anahema, anafunga mdomo kusikiliza kitu, anahema tena. Hivyo vituo vya kufunga mdomo ndivyo ninavyovitafuta. Mbwa anayeweza kufunga mdomo ili anuse kitu au ageuze masikio kwa sauti mpya bado ana akiba. Asiyeweza kufunga mdomo hata sekunde moja, hata ukimpitishia kipande cha nyama mbele ya pua, huyo joto lake bado liko juu.

Siku ya joto, au baada ya kazi ngumu kweli, kutulia kunaweza kuchukua dakika 20, wakati mwingine karibu nusu saa. Ikipita nusu saa yuko kivulini, amekunywa maji, na bado anahema vilevile, mpigie daktari. Na kama dakika 10 zimepita hali haijabadilika hata kidogo, au inazidi, usikae kuhesabu: anza kumpoza.

Andika muda huo mara kwa mara. Njia ileile, mwendo uleule, hali ya hewa inayofanana: kama zamani alitulia kwa dakika 8 na sasa anahitaji 20, kuna kitu kimebadilika mwilini mwake. Huenda ameongezeka uzito tu, huenda ni jambo kubwa zaidi. Mabadiliko ya aina hii huja polepole, na mtu anayemwona mbwa kila siku ndiye wa mwisho kuyagundua. Daftari halina mazoea hayo.

Hatua ya 4: Soma mwili, si pumzi peke yake

Ulimi wa mbwa mwenye joto hurefuka na kuwa mwekundu. Hilo ni la kawaida. Ukiona umetanuka mno mwishoni, umekuwa mpana kama kijiko huku kingo zikijikunja kwenda juu, mbwa anajitahidi kupata eneo kubwa zaidi la kupozea, na ni wakati wa kusitisha kila kitu. Mate nayo yatazame: membamba yanayodondoka si tatizo, mazito yanayonata na kuning'inia kama kamba huonyesha anapungukiwa maji.

Ufizi wa waridi uliokolea kidogo baada ya mbio ni sawa. Wekundu wa tofali ni dalili ya joto lililozidi. Weupe unaashiria upungufu wa damu au mshtuko wa mwili. Rangi ya buluu au zambarau maana yake oksijeni haitoshi, na hapo hakuna la kusubiri nyumbani. (Chow Chow na Shar-Pei wana ulimi wa buluu-nyeusi kwa asili, kwa hiyo usitumie ulimi wao kama kipimo.)

Kisha sikiliza. Kuhema kwa kawaida kuna sauti ya hewa tu. Mkoromo, mluzi, au sauti ya kukwaruza wakati wa kuvuta pumzi ndani huonyesha njia ya hewa imebanwa mahali fulani.

Mkao wake ndio hutenganisha kuhema na kukosa pumzi, mambo mawili yanayochanganywa sana. Anayehema ili apoe hulala, hujinyoosha, hutafuta sakafu baridi. Anayekosa pumzi hukataa kulala. Hukaa au husimama akiwa amenyoosha shingo mbele, viwiko vimetanuliwa nje ya mbavu, na tumbo linaingia na kutoka kwa nguvu kila pumzi. Pumzi zake huenda zisiwe nyingi sana kwa hesabu, ila kila moja inaonekana ni kazi. Huyu ni mgonjwa wa dharura hata kama hakukimbia.

Mwisho, mwite jina. Mbwa mchovu hugeuza kichwa na kutikisa mkia kwa uvivu. Anayechelewa kuitika, anayetazama bila kuona, anayeyumba miguu ya nyuma au kutembea kama mlevi, ubongo wake tayari unaathiriwa na joto.

Ukiwa na kipimajoto cha dijitali kinachoingizwa kwenye njia ya haja kubwa, kipake mafuta laini na upime. Joto la kawaida la mbwa aliyepumzika liko kati ya takriban nyuzi 38 na 39.2 za Selsiasi. Lakini tahadhari na namba hii: mbwa mwenye afya anayerudisha mpira kwa kasi anaweza kufika nyuzi 41 kwa muda mfupi na akawa macho, mchangamfu, akarudi chini mwenyewe. Mwingine akawa na nyuzi 40 na nusu na tayari amelegea. Kwa hiyo namba isikuzuie kuyaamini macho yako. Aliyelegea au kuchanganyikiwa ana hatari hata kipimajoto kikisema nini.

Hatua ya 5: Mpoze

Kwa mbwa aliyechoka lakini yuko macho, inatosha kivuli, upepo na maji ya kunywa. Mpe kidogokidogo, umjazie tena bakuli akitulia. Chakula kisubiri hadi pumzi zirudi. Mvue chochote alichovaa, na hasa kifunga mdomo. Kifunga mdomo cha kitambaa kinachobana taya huzuia kabisa kuhema, na mbwa aliyevalishwa hicho akikimbizwa anaweza kufa. Kama ni lazima avae, kiwe cha muundo wa kikapu kinachomruhusu kufungua mdomo wote na kutoa ulimi.

Mbwa aliyezidiwa na joto ni habari nyingine. Dalili ni hizi: kuhema kusikokoma, ufizi mwekundu wa tofali, mate mazito, kutapika au kuharisha, kuyumba, kulegea, kuanguka, degedege. Hapa kanuni ni poza kwanza, safirisha baadaye. Kila dakika ambayo joto linabaki juu huongeza uharibifu wa utumbo, figo, ubongo na uwezo wa damu kuganda, kwa hiyo kumpakia kwenye gari akiwa bado anaungua ni kupoteza muda wa thamani.

Tumia maji uliyonayo. Mbwa kijana mwenye afya mtumbukize mwili kwenye beseni, hodhi au mto uliotulia, kichwa kikiwa juu ya maji muda wote. Mbwa mzee, mgonjwa, au asiye na fahamu, mmwagie maji mfululizo mwili mzima hadi kwenye ngozi, hasa tumboni, kwapani na kwenye mapaja kwa ndani, huku mtu mwingine akimpepea au feni ikimpiga. Maji peke yake bila upepo hufanya nusu ya kazi.

Kuna ushauri wa zamani usemao maji baridi ni hatari kwa sababu yatabana mishipa ya damu na kufungia joto ndani. Usikucheleweshe. Maji baridi hupoza haraka kuliko ya uvuguvugu, na kinachoua ni joto. Cha kuepuka ni kumfunika taulo lililolowa na kuliacha juu yake: baada ya dakika chache taulo hilo hupata joto la mwili na kugeuka blanketi. Kama taulo ndilo pekee ulilonalo, mlaze juu yake, ulibadilishe mara kwa mara.

Usimmiminie maji mdomoni mbwa aliyelegea, yataingia mapafuni. Usimpe dawa za homa za binadamu kwa kudhani zitashusha joto. Joto hili halitokani na homa, dawa hizo haziligusi, na baadhi yake, ibuprofen kwa mfano, ni sumu kwa mbwa.

Joto likishuka hadi nyuzi 39.5 hivi, acha kumpoza, mkaushe, kwa sababu linaweza kuendelea kushuka lenyewe kupita kiasi. Kama huna kipimajoto, acha pale kuhema kunapopungua na akili inaporudi. Kisha nenda kwa daktari, madirisha ya gari yakiwa wazi au kipoza hewa kikiwa kimewashwa. Nenda hata kama anaonekana amepona. Sababu yake nitaieleza mwishoni.

Kwa wanaofanya mazoezi makali na mbwa wao kuna jambo moja la kujifunza kutoka kwa mbwa wa kazi. Mwaka 2024 kituo cha mbwa wa kazi cha Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilichapisha utafiti uliolinganisha njia kadhaa za kumpoza mbwa aliyetoka mazoezini akiwa bado ana fahamu nzuri, zikiwemo taulo lililolowa shingoni na vifurushi vya barafu shingoni. Iliyofanya vizuri zaidi ni kumfundisha mbwa kuzamisha kichwa mwenyewe kwenye ndoo ya maji ili aokote kitu alichotupiwa humo. Ni mchezo unaofundishika: anza na maji kina cha kidole, ongeza taratibu. Sharti ni mbwa afanye kwa hiari, na awe na akili timamu wakati huo. Kumkandamiza kichwa majini si kitu hichohicho hata kidogo.

Hatua ya 6: Kama si joto, tafuta sababu

Mbwa akihema kupita kazi aliyofanya, siku ambayo wala haina joto, chunguza mengine.

Anza na umbo lake. Bulldog, French Bulldog, Pug na wenzao wa uso bapa wana matundu ya pua membamba, kaakaa laini refu linaloning'inia mbele ya njia ya hewa, na mara nyingi bomba la hewa jembamba kuliko linavyopaswa kuwa. Mkoromo wao watu huuona kichekesho. Mimi siuoni hivyo: mbwa anayekoroma akiwa macho anahangaika kupata hewa, na kadiri anavyovuta kwa nguvu ndivyo tishu za koo zinavyovimba na kubana zaidi. Kwa hawa, usingoje ule muda wa kutulia wa hatua ya 3. Wakianza kuhema kwa sauti, mazoezi yameisha. Upasuaji wa kupanua pua na kupunguza kaakaa upo na huwasaidia wengi, hasa ukifanywa mapema.

Mbwa mkubwa aliyezeeka, Labrador hasa, ambaye sauti ya kubweka imebadilika ikawa ya kukwama na anavuta pumzi kwa mkwaruzo, huenda zoloto lake, yaani mlango wa bomba la hewa kooni, limepooza. Kwa kawaida hufunguka mbwa anapovuta hewa, likipooza halifunguki. Mbwa wa namna hii anaweza kuonekana sawa miezi mingi, kisha siku moja ya joto akashindwa kabisa kupumua.

Mbwa wadogo kama Yorkshire Terrier na Pomeranian wana tatizo la bomba la hewa kulegea na kubonyea. Linajulikana kwa kikohozi kikavu kinachofanana na mlio wa bata bukini, hasa akisisimka au akivutwa shingoni. Wabadilishie mkanda wa shingo uwe wa kifuani leo hii, kabla hata ya kwenda kwa daktari.

Moyo hujitambulisha kwa kikohozi cha usiku, kuzimia wakati wa msisimko, kuchoka mapema, na ile namba ya usingizini inayopanda. Kwa mbwa wadogo wazee kawaida ni vali inayovuja, na Cavalier King Charles Spaniel huipata mapema kuliko wengi. Kwa wakubwa, Doberman kwa mfano, ni misuli ya moyo inayotanuka na kudhoofika, ugonjwa unaoweza kukaa kimya kwa muda mrefu. Minyoo ya moyo inayoenezwa na mbu nayo huleta kikohozi na uchovu wa mazoezi.

Ufizi mweupe pamoja na kuhema ni suala la damu. Kupe hueneza vimelea vinavyoharibu chembe nyekundu, na minyoo ya utumbo hunyonya damu kimyakimya, hasa kwa watoto wa mbwa. Chembe nyekundu zikiwa chache, oksijeni haifiki misulini, hivyo hata kupanda ngazi kunamhemesha. Ukiona mkojo wa rangi ya chai iliyokolea, usilale nalo.

Labrador kijana, mwembamba, mwenye nguvu, ambaye baada ya dakika 5 hadi 20 za mbio kali miguu ya nyuma inalegea kisha anarudi sawa baada ya nusu saa hivi, anaweza kuwa na ugonjwa wa kurithi wa kuanguka kwa mazoezi. Jeni yake iligunduliwa mwaka 2008, na kipimo cha DNA kipo. Wengi huishi vizuri wakiepushwa na mbio za msisimko mkubwa, lakini wengine wamekufa kwa sababu mwenye mbwa hakusimamisha mchezo alipoona miguu inayumba.

Dawa pia huhemesha: mbwa aliye kwenye prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, hunywa maji mengi, hukojoa mara kwa mara na kuhema hata akiwa amekaa. Picha inayofanana na hiyo bila dawa yoyote, kwa mbwa mzee mwenye tumbo lililoshuka na manyoya yanayopungua, huashiria tezi za adrena, zilizo karibu na figo, zinazozalisha homoni kupita kiasi. Maumivu na hofu huhemesha vilevile.

Moja lisisubiri hata simu ya kuuliza: mbwa mwenye kifua kirefu anayehema bila utulivu, tumbo limevimba, anajaribu kutapika na hakuna kinachotoka. Tumbo limejisokota. Huokolewa kwa upasuaji, na saa ndizo zinazoamua.

Hatua ya 7: Panga mazoezi upya

Tatizo la mpira ni kwamba mbwa hajui kuacha. Akitembea au kunusanusa hujipimia mwenyewe, lakini mbele ya kitu kinachorushwa, hamu ya kukimbiza hushinda joto. Breki ni wewe. Rusha mara chache, pumzisha hadi afunge mdomo, ndipo urushe tena. Asipofunga mdomo kati ya raundi, siku hiyo imekwisha.

Toka alfajiri au jioni joto likishapungua, na kumbuka lami hubaki na moto muda mrefu baada ya jua kushuka; weka kiganja kwa nyuma juu yake sekunde 7, ukishindwa na yeye asikanyage. Kukimbia sambamba na baiskeli kuongezwe kwa wiki, si kwa siku. Msimu wa joto unapoanza rudi nyuma kidogo, kwani mwili unahitaji wiki kadhaa kuzoea. Na uzito, ambao wenye mbwa hawapendi kuusikia: mafuta huhifadhi joto na kubana kifua. Kama huwezi kuhisi mbavu kwa kupapasa tu, punguza chakula kabla ya kuongeza mbio.

Hatua ya 8: Ukienda kwa daktari

Mbwa wengi hufika kliniki wakiwa wametulia, na dalili uliyoiona haionekani tena. Irekodi kwa simu nyumbani: sekunde 30 za ubavu kwa upande, na nyingine za uso na sauti. Peleka pia namba za usingizini, muda wa kutulia ulivyobadilika, na majina ya dawa anazotumia. Daktari atasikiliza moyo na mapafu, na pengine ataomba picha ya kifua, kipimo cha damu au cha moyo.

Kwa mbwa aliyezidiwa na joto, kuamka na kutikisa mkia si mwisho wa safari. Figo na ini vinaweza kuonyesha madhara siku 1 hadi 3 baadaye, na damu inaweza kuacha kuganda inavyopaswa. Kwa siku hizo tazama madoadoa mekundu au michubuko tumboni na kwenye ufizi, kinyesi chenye damu, mkojo mchache au mweusi, kutapika, kutotaka kula. Chochote kati ya hivyo kikitokea, mrudishe siku hiyohiyo. Mazoezi yasianze tena hadi vipimo vya damu vimerudi sawa, na yakianza yaanze kwa matembezi mafupi ya asubuhi, saa ikiwa mkononi.